Kabla ya Kupasuliwa Tumbo ili Kupunguza Unene

Huenda umesikia redioni, au kwa jamaa aliyetoka mjini, kwamba siku hizi mtu mnene kupita kiasi anaweza kupasuliwa tumbo akapungua. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini ikifika kijijini huwa imebaki nusu. Watu husimulia siku ya kupasuliwa na jinsi nguo zilivyompwaya mgonjwa baadaye. Hawasimulii wiki na miezi ya kupimwa iliyotangulia. Leo tutazungumza juu ya wiki hizo. Usalama wa mgonjwa kwenye meza ya upasuaji hutegemea sana mambo yaliyofanyika wakati huo.

Wasomaji wazee wa Tanzania wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Wakati ule tulijifunza juu ya malaria, kichocho na kuhara. Unene haukuwa na nafasi kubwa katika mazungumzo yetu. Kitambi kilihesabiwa kuwa dalili ya shibe, na mama mnene alisifiwa kwamba anatunzwa vizuri na mumewe. Leo kisukari na shinikizo la damu vimeingia hata vijijini, na unene ni mmoja wa wazazi wa maradhi hayo. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu sisi pia.

UPASUAJI HUU NI WA NAMNA GANI?

Upasuaji wa kupunguza unene si wa kukata mafuta ya tumbo. Wengi hudhani hivyo, nao wanakosea. Daktari hufanya kazi kwenye tumbo lenyewe la chakula. Katika njia moja hukata na kuondoa karibu robo tatu ya tumbo hilo, akabakiza mfuko mwembamba mfano wa ndizi. Katika njia nyingine hutengeneza kifuko kidogo kama yai, akakiunganisha na utumbo mwembamba, chakula kikapita njia ya mkato. Mganga wa Marekani aitwaye Edward Mason ndiye aliyeanzisha njia hii ya pili katika chuo kikuu cha Iowa mwaka 1966. Tangu hapo imeboreshwa mara nyingi. Siku hizi madaktari hutoboa matundu madogo tu na kutumia kamera ndogo, badala ya kupasua tumbo zima.

Ipo pia njia isiyo ya kisu, ya kuweka puto ndani ya tumbo kwa miezi kadhaa kisha kulitoa. Nchini Tanzania huduma ya puto hutolewa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili iliyoko Mloganzila, Dar es Salaam. Puto nalo lina vipimo vyake, lakini leo tubaki na upasuaji.

NANI ANASTAHILI?

Hapa tutumie hesabu tuliyojifunza darasani. Chukua urefu wako kwa mita, uuzidishe kwa urefu huohuo. Kisha chukua uzito wako kwa kilo, uugawe kwa jibu ulilopata. Tuseme mama mmoja ana urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 115. Mara ya kwanza, 1.60 mara 1.60 ni 2.56. Mara ya pili, 115 gawanya kwa 2.56 ni karibu 45. Mtu mwenye uzito wa kawaida hupata kati ya 18.5 na 25. Kuanzia 30 huitwa unene wa kupindukia.

Tangu mwaka 1991 madaktari wengi duniani walifuata kanuni kwamba anayepasuliwa awe na 40 au zaidi, au awe na 35 pamoja na ugonjwa unaotokana na unene, kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vililegeza kanuni hiyo. Sasa wanashauri hata mwenye 35 asiye na ugonjwa afikiriwe, na mwenye 30 na zaidi aliye na kisukari pia. Mama wetu mwenye 45 yumo. Jirani yake mwenye urefu uleule na kilo 75 ana 29 tu, naye hayumo. Huyo anahitaji jembe, matembezi na kupunguza soda, mandazi na mafuta ya kukaangia. Akikutana na mtu anayemwambia kwamba kwa fedha atampasua tu, amkimbie.

Hata mwenye 45 haanzii hospitali kubwa. Huanzia zahanati au kituo cha afya, akapewa barua ya kwenda hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa, na mbele zaidi. Safari ni ndefu, na nauli ni mzigo. Lakini kila kituo huandika walichokiona na dawa walizompa, na maandishi hayo yatahitajiwa. Tunza karatasi zako zote kwenye mfuko mmoja wa nailoni usioingia maji.

KWA NINI WANAPIMA VITU VINGI HIVYO?

Swali hili huulizwa na kila mgonjwa. "Mimi nimekuja kwa ajili ya tumbo, mbona wananipima moyo?" Jibu ni kwamba wakati wa kupasuliwa utapewa nusukaputi. Nusukaputi hukulaza usingizi usio wa kawaida. Huhisi maumivu, na pia hupumui kwa nguvu zako mwenyewe. Mashine hukupumulia. Moyo, mapafu, figo na ini ndivyo vinavyobeba kazi hiyo yote, na kwa mtu mnene viungo hivyo huwa vimechoka miaka mingi. Daktari anataka kujua uchovu huo kabla, asije akaugundua wewe ukiwa mezani.

Kwa hiyo watakupima shinikizo la damu, na mapigo ya moyo kwa mashine inayochora mistari kwenye karatasi. Watatoa damu kuona wingi wake, sukari, kazi ya figo na ya ini, na tezi ya shingo. Tezi hiyo ikilegea kazini, mtu huweza kunenepa, naye hutibiwa kwa vidonge. Zipo pia dawa zinazonenepesha. Ni vizuri mambo hayo yajulikane mapema.

Sukari ina kipimo kinachoonyesha hali ya miezi 2 hadi 3 iliyopita. Huwezi kukidanganya kwa kufunga siku mbili kabla ya kliniki. Sukari ikiwa juu sana, kidonda huchelewa kupona na usaha huingia kwa urahisi. Watakwambia urudi ukiisha kuishusha. Usinung'unike ukirudishwa namna hiyo.

Upungufu wa damu ni jambo kubwa kwetu. Mtu anaweza kuwa mnene na damu yake ikawa haba, kwa sababu ya minyoo ya safura, malaria, hedhi nyingi au chakula cha aina moja. Baada ya upasuaji tumbo litapokea madini ya chuma kwa shida zaidi. Kwa hiyo damu ijengwe kabla. Ikiwa umekulia kando ya Ziwa Victoria au mahali penye kichocho, mwambie daktari bila kuulizwa. Kichocho cha utumbo huweza kuharibu ini taratibu na kuvimbisha mishipa ya damu kwenye koo la chakula, nawe usijue. Mishipa hiyo ikipasuka, damu humwagika nyingi mno.

Ili kuona mambo hayo, mara nyingi hupitishwa mpira mwembamba wenye kamera kinywani hadi tumboni. Haupendezi, lakini huchukua dakika chache. Daktari huona vidonda vya tumbo, na huweza kuchukua kipande kidogo kutafuta vijidudu vinavyoleta vidonda hivyo. Vikiwapo, utapewa dawa kwanza. Tumbo pia litapigwa picha kwa nje kuona kama kuna mawe kwenye kifuko cha nyongo, maana mtu anayepungua haraka hupata mawe hayo kwa urahisi.

KUKOROMA SI JAMBO LA KUCHEKA

Kipimo kimoja kinahitaji shahidi. Wanene wengi hukoroma, kisha katikati ya mkoromo hunyamaza kimya, hawapumui kwa sekunde kadhaa, halafu hushtuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Mwenyewe hajui. Anajua tu kwamba ameamka na kichwa kizito na kwamba husinzia mkutanoni. Anayejua ni yule anayelala naye chumba kimoja. Kwa hiyo siku ya kliniki nenda na mwenzako, mume au mke, au binti yako mkubwa, aeleze aliyoyasikia usiku.

Ugonjwa huu huongeza hatari ya nusukaputi, hasa saa za kwanza baada ya kuamka. Ukijulikana kabla, wauguzi hukulinda kwa karibu zaidi, na wengine hupewa mashine ya kusukuma hewa puani wakilala. Ukifichwa kwa aibu, unaweza kumwua mtu wodini, wakati upasuaji wenyewe umekwenda vizuri.

SEMA KILA DAWA UNAYOTUMIA

Tunasema kila dawa, pamoja na ile ya mganga wa kienyeji, ile ya kunywa na chai ili kupungua, na ile uliyopewa na shangazi. Baadhi ya mitishamba huzuia damu kuganda, mingine husumbua ini au hushusha sukari. Aspirini nayo hufanya damu iwe nyepesi. Vidonge vya uzazi wa mpango vya aina fulani huongeza hatari ya damu kuganda miguuni na kusafiri hadi mapafuni. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI aseme, kwa sababu tumbo jipya huweza kuzipokea kwa namna tofauti. Daktari analazimika kutunza siri yako. Ikiwa umekwenda na jamaa usiyetaka asikie, omba atoke nje. Hilo ni haki yako.

Lakini usiache dawa yoyote kwa kujiamulia. Dawa ya presha ikiachwa ghafla huweza kuleta msiba kabla hata hujafika hospitali. Uliza: ipi niendelee nayo, ipi nisimamishe, na tangu siku gani? Uandike majibu.

Sigara, kiko na ugoro viachwe angalau wiki 6 kabla. Tumbaku huziba mishipa midogo inayoleta damu kwenye kidonda, nayo hujaza mapafu makohozi. Pombe nayo ikomeshwe. Wapo wanaofikiri watarudi kwenye ulanzi au gongo baada ya kupona. Wajue kwamba baada ya upasuaji, hasa ule wa njia ya mkato, kikombe kimoja hulevya upesi kama vikombe kadhaa vya zamani, na wengine ambao hawakuwa walevi wamekuwa walevi. Ndiyo sababu hospitali nzuri hukukalisha pia na mshauri, akauliza juu ya huzuni, ulevi na namna unavyokula ukiwa na hasira. Hakuiti mwendawazimu. Anataka kujua kama chakula kimekuwa kwako kitulizo, maana kitulizo hicho kitaondolewa siku moja.

Mwanamke atapimwa mimba. Ataambiwa pia asishike mimba kwa miezi 12 hadi 18 baada ya kupasuliwa, kwa sababu mwili unapopungua haraka hauna akiba ya kumlisha mtoto. Hapa pana mtego. Wanawake waliokuwa hawashiki mimba kwa sababu ya unene mara nyingi huanza kushika wanapopungua. Zungumza na muuguzi mapema juu ya sindano, kijiti au kitanzi.

WIKI MBILI ZA MWISHO

Ini limelala juu ya tumbo la chakula. Kwa mtu mnene huwa limejaa mafuta, kubwa na laini. Daktari hana budi kuliinua ili alifikie tumbo, na ini kubwa huweza kuchanika na kuvuja damu. Kwa hiyo hospitali nyingi huagiza chakula kidogo maalumu kwa karibu wiki 2. Ugali, wali, viazi na sukari hupunguzwa sana. Mayai, samaki, maziwa yaliyotolewa mafuta na mboga za majani hubaki. Ini husinyaa katika muda huo mfupi tu.

Sasa tazama tunavyofanya sisi. Ndugu wanasikia kwamba fulani anakwenda kupasuliwa na hatakula tena kama zamani. Wanamwonea huruma. Shemeji anachinja mbuzi, mama mkwe anapika pilau, na kila nyumba inataka aonje kwa mara ya mwisho. Karamu hiyo ya kuaga ndiyo inayolijaza ini tena. Madaktari wamewahi kufungua, wakaona ini limefunika kila kitu, wakafunga bila kufanya kazi. Mbuzi huyo abaki zizini.

Mgonjwa wa kisukari awe mwangalifu zaidi katika wiki hizo. Akipunguza chakula na huku anaendelea na insulini au vidonge kwa kipimo kilekile, sukari huweza kushuka hadi akazimia. Asianze chakula hicho kabla daktari hajampangia upya dawa zake.

Tembea kila siku, hata mwendo wa kwenda kisimani na kurudi. Vuta pumzi ndefu, uishikilie kidogo, uitoe polepole, mara kadhaa asubuhi na jioni. Meno mabovu yatibiwe, maana baadaye itakupasa kutafuna kila tonge mpaka liwe laini kama uji.

KARATASI YA KUTIA SAHIHI

Hapa msomaji wetu ana nguvu ambayo wazee wetu wengi hawakuwa nayo. Kabla ya kupasuliwa utaletewa karatasi ya kukubali. Zamani mtu aliwekewa wino kwenye dole gumba, akabandika, basi. Wewe unajua kusoma. Isome. Ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza, mwambie daktari aieleze kwa Kiswahili, neno kwa neno, mbele ya ndugu yako. Tazama kama jina ni lako na kama aina ya upasuaji ni ile mliyokubaliana. Usione haya kumchelewesha mtu mwenye koti jeupe.

Uliza hatari. Katika hospitali zilizoizoea kazi hii, wanaokufa ni chini ya mtu 1 katika kila 100. Hata hivyo mahali palipoungwa huweza kuvuja, hasa siku na wiki za mwanzo. Dalili zake ni homa, moyo kwenda mbio na maumivu ya tumbo yanayozidi. Mgonjwa wa namna hiyo hawezi kusubiri basi la kesho asubuhi. Kwa hiyo, wewe unayetoka mbali, tafuta kabla mahali pa kukaa karibu na hospitali kwa wiki za kwanza. Kama huna jamaa mjini wala fedha ya chumba, sema hivyo daktari akiwa bado anapanga tarehe.

Uliza pia gharama zote, sio ya kupasuliwa peke yake. Baada ya upasuaji utameza vitamini na madini maisha yako yote, na wengine huchomwa sindano za vitamini B12. Asiyezitumia huweza kupungukiwa damu au kufa ganzi miguu. Je, duka la dawa lililo karibu na kijiji chako linaziuza? Kwa bei gani kwa mwezi? Utarudi kliniki mara ngapi kwa mwaka, na kwa nauli gani? Mimi naona mtu asiyeweza kupata vitamini hizo kila mwezi asikubali kisu mpaka amepata njia ya kuzipata.

USIKU WA MWISHO NA ASUBUHI YAKE

Utaambiwa usile. Mtu akiwa macho, kitu kikitaka kupita njia ya hewa atakohoa. Nusukaputi hulaza mlinzi huyo wa koo. Chakula kilichomo tumboni huweza kupanda, kikamwagika mapafuni pamoja na ukali wake wote, na mgonjwa akafa. Kwa kawaida chakula hukoma angalau muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, na maji matupu muda wa saa 2. Hospitali nyingine huagiza usile wala kunywa tangu usiku wa manane. Fuata uliloagizwa. Chai ya maziwa na uji huhesabiwa kuwa chakula. Jamaa akikuletea uji kwenye chupa kwa siri kwa kukuhurumia, mshukuru, usinywe.

Oga kwa sabuni. Vua pete, hereni, shanga na hirizi, umpe ndugu yako akushikie. Kama meno yako ni ya bandia, yatoe. Ondoa rangi ya kucha, na usipake hina vidoleni wiki hizo, kwa sababu kwenye kidole ndipo kinapobanwa kifaa kinachosoma hewa iliyomo katika damu, na rangi huweza kukizuia kisisome vizuri.

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji muuguzi atakuuliza tena jina lako, upasuaji uliokuja kufanyiwa, na saa uliyokula mara ya mwisho. Utaona kama anakusumbua, kwa kuwa umekwisha kuulizwa wodini. Mjibu. Ikiwa ulikunywa hata kikombe kimoja cha chai alfajiri, sema. Utarudishwa wodini na kupangiwa siku nyingine.